Ni Nani Aketi Katika Kamati ya Lugha?

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Msemo huu unapendwa mno katika mikutano inayohusu lugha, na haupendwi bure. Mzee amelihifadhi neno ambalo kijana hajapata kulisikia, na akiondoka huondoka nalo. Hata hivyo, wahenga hao hawakutuambia hali huwaje mahali palipo na wazee peke yao. Hapo huenda neno lisiharibike, lakini yamkini maneno mengine yasisikike kabisa, kwa kuwa wenye kuyatumia hawakualikwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, mimi na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu, tukiitazama nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

Mintarafu ya lugha za mama, sheria na sera za Kenya zimekwisha sema mengi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba mtoto aanze masomo yake katika madarasa ya chini kwa lugha inayotawala katika eneo la shule yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, inazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kisha inalipa taifa wajibu wa kuendeleza na kulinda lugha anuwai za watu wa Kenya, zikiwemo za kiasili, Lugha ya Ishara na maandishi ya Breli. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ukazipa lugha za kiasili nafasi yake katika Gredi ya 1 hadi ya 3.

Baina ya sera na dawati la mtoto, hata hivyo, pana bonde refu. Ili mwalimu wa Gredi ya 1 afundishe kuhesabu, usafi au mazingira kwa Kikipsigis, anahitaji tahajia isiyobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa, istilahi zinazokubalika, na hadithi zilizoandikwa kwa lugha ambayo mtoto ataitambua kuwa yake. Iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipata kutayarisha mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, maarufu kama TKK, kwa lugha kadhaa za nchi hii. Kazi iliyosalia ni kubwa, na aghalabu humwangukia yule asiyelipwa: mwalimu anayekusanya maneno Jumamosi, mhubiri anayesahihisha tafsiri, mtangazaji wa redio anayetafuta neno la kutajia jambo jipya. Watu wa aina hii wakikutana wakachagua mwenyekiti na katibu, kamati ya lugha imezaliwa.

Kamati ya namna hii haina mshahara wala mamlaka ya kisheria, hivyo wengi huiona kuwa jambo dogo. Kumbe ina uwezo mkubwa sana. Ikiamua kuwa neno fulani ndilo sahihi na lingine ni la mtaani, uamuzi huo huingia kitabuni, hutoka kitabuni ukaingia katika mtihani, na katika mtihani humpata mtoto ambaye nyumbani kwao hutumia lile lililokataliwa. Ndiyo maana sharti la uanachama, lile linaloandikwa haraka haraka katika kikao cha kwanza ili watu waende kunywa chai, lina uzito kuliko kanuni nyingine zote za kamati.

Nimewahi kualikwa kuishauri kamati moja ya kujitolea, ambayo sina haja ya kuitaja. Masharti yake yalitosha katika nusu ukurasa. Mwanachama awe amezaliwa na kulelewa katika lugha hiyo. Awe na elimu isiyopungua stashahada. Apendekezwe na wanachama wawili waliomo tayari. Agharimie nauli yake mwenyewe. Ukiyasoma moja moja, hakuna hata moja linaloonekana kuwa la ubaguzi. Kila moja lina sababu ya maana. Lakini walioketi mezani karibu wote walikuwa wanaume, karibu wote walimu waliostaafu, na karibu wote wakazi wa mjini au kando ya barabara ya lami. Hakuna aliyefukuzwa. Masharti yalikuwa yamekwisha kufanya kazi hiyo kimya kimya kabla mkutano haujafunguliwa.

Historia ya Kiswahili chenyewe inatupa funzo juu ya hili. Mwezi Juni mwaka 1928 ulifanyika mkutano mjini Mombasa, naye Carl Meinhof, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kibantu, akashiriki. Ni hapo ilipokubaliwa kuwa lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na madai ya Kimvita yakawekwa kando. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyozihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati hiyo ilichapa kazi kwa bidii: ilisawazisha tahajia, ilikagua vitabu vya shule, na mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizobeba jina la Johnson ambazo zilitumika kwa miongo mingi.

Sasa tuulize, ni nani waliokuwa wajumbe? Walikuwa maafisa wa elimu, wamisionari na Wazungu wengine waliokaa katika nchi hizo nne. Katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika, seuze Mswahili wa Lamu, Mvita au Unguja. Wenyewe walioizaliwa lugha walikuwa watu wa kuulizwa, hawakuwa watu wa kuamua. Muda mrefu ulipita kabla mlango haujafunguliwa, na ulipofunguliwa waliingia watu wa kiwango cha Shaaban Robert, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1962 alikuwa mjumbe wa Kamati hiyo.

Sidai kuwa kazi ya Kamati ilikuwa mbovu. Bila Kiswahili sanifu gazeti hili lisingesomeka kutoka Kilifi hadi Kigoma. Ninachodai ni kwamba gharama ya kuwaacha wenyewe nje ililipwa baadaye, na ingali inalipwa. Manung'uniko ya watu wa pwani ya Kenya kwamba lugha yao ilirudishwa kwao ikiwa imevaa nguo za kigeni hayakukoma na ukoloni. Mwanafunzi wa Mombasa alisahihishwa na mwalimu wa bara katika lugha aliyoinyonya kwa mamake. Kanuni zilikuwa na sababu zake, lakini hazikuwa na idhini ya wenyewe; na kanuni ya lugha isiyo na idhini hutiiwa darasani tu, ikaachwa mlangoni.

Turudi sasa Kericho na Bomet, kwa maana historia ya huku nayo inaelekea kufanana na hiyo. Wakipsigis ndio wengi zaidi miongoni mwa jamii zinazojiita Wakalenjin, ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 6.3. Hata hivyo, Biblia nzima ya kwanza iliyosomwa makanisani huku ilikuwa ya Kinandi, iliyotoka mwaka 1939. Vizazi vya Wakipsigis vilijifunza kusoma kwa tahajia na msamiati uliopangwa upande wa pili wa milima. Hata jina Kalenjin, ambalo maana yake ni "nakuambia", lilienea katika miaka ya 1940 kupitia redio na vijana wa shule waliotafuta umoja wa jamii ndugu. Ni jina zuri kwa mwanaisimu, kwani watu wamejiita kwa kitenzi cha kusema. Lakini umoja wa jina haukumaliza swali la ni usemi wa nani utakaoandikwa.

Swali hilo si la kifahari tu. Lugha hizi, Kinandi na Kikipsigis, zina irabu tano zinazotamkwa kwa kusogeza shina la ulimi mbele na tano nyingine kwa kulirudisha nyuma. Tena kila moja kati ya hizo kumi yaweza kuwa fupi au ndefu. Juu ya hayo kuna toni. Tahajia iliyozoeleka inatumia herufi tano zile zile za a, e, i, o, u, na haitofautishi makundi hayo mawili. Mtu mzima anayeijua lugha husoma kwa kubahatisha kutokana na muktadha, naye hubahatisha vyema. Mtoto anayeanza kusoma hana muktadha wa kutosha. Mzee aliyesoma Biblia kwa tahajia hiyo miaka 60 haoni tatizo lolote, na ni haki yake asilione. Mwalimu wa Gredi ya 1 analiona kila asubuhi. Basi kamati inayojadili tahajia ikiwa na wazee kumi na mwalimu wa Gredi ya 1 asiwemo, jibu litakalotoka limekwisha kujulikana kabla ya mjadala.

Marehemu Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyepata kuwa Waziri wa Elimu, alikuwa pia mwanaisimu, na mwaka 1979 alichapisha kitabu chake kuhusu isimu ya Kikalenjin. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, Chet na Jane Creider wakatoa sarufi ya Kinandi. Kazi hizi ni hazina. Lakini mtaalamu, hata awe hodari vipi, hurekodi usemi wa wale aliokutana nao. Ni nani basi ambao kamati za huku hazikutani nao?

Wa kwanza ni wanawake. Chukua mfano wa mursik, maziwa ambayo ni fahari ya jamii hii. Kibuyu chake, sotet, husafishwa kwa ufito uitwao sosiot, ambao jina lake ndilo la soko la Sosiot huko Belgut. Kisha hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Kila hatua ina kitenzi chake, kila sehemu ya kibuyu ina jina lake, kila kasoro ya maziwa ina neno la kuieleza. Kazi hiyo tangu jadi imekuwa mikononi mwa wanawake. Ukitaka kuandika somo la sayansi kuhusu kuhifadhi chakula kwa Kikipsigis, istilahi ziko tayari, wala huna haja ya kuunda hata moja. Kamati ya wanaume watupu itaketi siku nzima ikitunga maneno mapya ya vitu ambavyo mama zao wameviita kwa majina maisha yao yote.

Wa pili ni watu wa mashamba ya chai. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda huku katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo wenyewe walinyang'anywa, zikaleta wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya. Wajukuu na vitukuu vyao wamezaliwa katika vijiji vya mashamba hayo. Wengi huzungumza Kiswahili nyumbani, Ekegusii au Dholuo na bibi zao, na Kikipsigis na wachezaji wenzao. Lugha ya huko imechanganyika kwa namna ya kumfurahisha mwanaisimu. Hata neno chai lilipofika huku lilivishwa kiishio cha wingi, likawa chaik, likakaa kama lililozaliwa hapa. Nani aliyefanya kazi hiyo ya usanifu? Hakuna kamati iliyoketi. Ni wachumaji, manyapara na wapimaji wa majani.

Wa tatu ni majirani wa mipakani. Kule Sigowet na Soin, mpakani na nchi ya Wajaluo, kule Sotik mpakani na Wagusii, na kule Londiani na Kipkelion ambako jamii nyingi zimekaa pamoja, wako watu ambao Kikipsigis ni lugha yao ya pili au ya tatu, na wanaizungumza vizuri. Sharti la "kuzaliwa na kulelewa katika lugha" huwafungia nje hawa wote. Na hapa yatupasa tuseme ukweli bila kuzungukazunguka. Katika nchi hii ya chai, swali la nani mwenyeji na nani mgeni limewahi kuwa swali la uhai na mauti. Machafuko ya miaka ya 1991 na 1992, na yale ya mwanzoni mwa 2008, yaliwafukuza watu makwao, na wengine hawakurudi. Kamati ya lugha inayoandika neno "mzaliwa" katika katiba yake huenda haina nia mbaya hata chembe. Lakini neno hilo lina kumbukumbu yake hapa, na wanaolisoma wanaikumbuka.

Wa nne ni vijana. Vituo vya redio kama Kass FM na Chamgei FM vimefanya kwa Kikalenjin jambo ambalo vitabu havikuweza: vimewakutanisha wasikilizaji wa Kericho, Bomet, Nandi na Baringo katika mazungumzo mamoja kila siku. Watangazaji wake na wasikilizaji wao vijana huunda maneno kila asubuhi kuhusu simu, fedha, mpira na siasa. Baadhi ya maneno hayo ni mabovu, mengine ni ya kupendeza, na yote yanatumika. Kamati isiyo na kijana huyapata yakiwa yamekwisha kuota mizizi, ikabaki kulalamika.

Nimeacha mwisho sharti linaloonekana kuwa dogo kuliko yote, lile la nauli. Kujitolea ni sifa njema, nami naiheshimu. Lakini kujitolea ni kutoa ulicho nacho, na hakuna anayeweza kutoa asichokuwa nacho. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Siku asiyochuma ni siku asiyolipwa. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika kiwanda cha Momul, Tegat au Kapkoros hana budi kuwa kituoni mizani inapofika. Mama mwenye watoto wadogo huko Ndanai hawezi kufunga safari ya kwenda mjini Kericho na kurudi kwa ajili ya mjadala wa viambishi. Hivyo basi kamati ya kujitolea, kwa jina lake tu, huwachagua wenye pensheni, wenye mshahara wa mwezi na wenye Jumamosi zao. Kila kanuni nyingine ingaweza kuwa wazi kama mlango wa kanisa, na bado wangeingia watu wale wale.

Najua yapo mapingamizi, na si mepesi. La kwanza ni kwamba kamati ya watu wengi haifiki popote. Penye manahodha wengi, chombo huenda mrama. La pili ni kwamba lugha ni utaalamu, na kumwita kila mtu ni kuubeza ujuzi. La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wageni wakiingia wataiharibu lugha yetu.

Kwa la kwanza, nakubali. Kamati ya watu 40 haiwezi kuamua tahajia. Lakini utofauti hauhitaji wingi. Watu 11 waliochaguliwa kwa busara huleta sauti nyingi kuliko watu 30 waliotoka darasa moja la chuo kimoja cha ualimu.

Kwa la pili, tumkumbuke Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Elimu yake ilikuwa ya madrasa, ya ushairi na ya wazee wa pwani. Hakupitia chuo kikuu. Hata hivyo ndiye aliyetupa neno runinga, ambalo kila mtangazaji wa habari nchini Kenya analitumia. Sharti la stashahada lingemweka Nabhany nje ya mlango, nao wenye stashahada wangebaki ndani wakiandika "televisheni". Utaalamu wa isimu unahitajika, nami ndiyo kazi yangu. Lakini mwanaisimu anajua jinsi lugha inavyochunguzwa, na msemaji anajua lugha yenyewe. Ni vipawa viwili, na kamati inavihitaji vyote.

Kwa la tatu, jibu langu ni swali: lugha hufa kwa kuzungumzwa na watu wengi mno, au kwa kuzungumzwa na wachache mno? Kiswahili chenyewe kingekuwa wapi leo kama Wanyamwezi, Wakongomani, Wakikuyu na Wakipsigis wangezuiwa kukitia mkono?

Jambo hili halihusu vijiji vyetu tu. Ile kamusi elezo ya Wikipedia, iliyo na toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003, ina kamati ya lugha ya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, ambayo hupima maombi ya lugha zinazotaka kuwa na matoleo yake. Kwa desturi, wajumbe wapya hukubaliwa na wajumbe waliomo. Utaratibu huo una faida ya utulivu, na una hatari ile ile tuliyoiona: kila kizazi cha wajumbe huelekea kumwona aliye mfano wao kuwa ndiye anayefaa. Lugha inayoombewa sharti iwe na alama yake katika orodha ya kimataifa ya lugha. Katika orodha hiyo, Kikalenjin ni mwavuli mmoja wenye lugha tisa chini yake, Kikipsigis na Kinandi zikiwa na alama mbali mbali. Je, waandishi wa Kericho waandike chini ya mwavuli au chini ya jina lao? Swali hilo mtu wa mbali hawezi kulijibu kwa kutazama orodha. Linahitaji mtu anayejua uhusiano wa jamii hizi, na mtu huyo lazima awe amepewa nafasi ya kusema.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kielelezo. Wakipsigis walikuwa nacho chao, kokwet, baraza la ujirani. Wanaanthropolojia wamelieleza, akiwemo Peristiany katika kitabu chake cha mwaka 1939. Uanachama wa kokwet ulitokana na kukaa mahali pamoja, wala haukutegemea ukoo. Watu wa koo mbali mbali waliokuwa majirani waliketi chini ya mti mmoja, wakazungumza mpaka wakaafikiana, na mzee wa baraza akatamka yaliyoafikiwa. Hiyo ni hekima kubwa: anayeishi na jambo ndiye mwenye haki ya kulizungumzia. Lakini kokwet nalo lilikuwa na ukuta wake, kwani lilikuwa baraza la wanaume. Tukilichukua leo, tuchukue kanuni yake ya ujirani, na ukuta tuubomoe.

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo sita, na yote yawezekana bila kungoja Nairobi.

Kwanza, sharti la kuzaliwa liondolewe, mahali pake pawekwe sharti la matumizi: mwanachama awe mtu anayeitumia lugha katika maisha yake ya kila siku na aliye tayari kuihudumia. Pili, viti vigawanywe kwa kazi na mahali, kisha watu watafutwe wa kuvijaza: mwalimu wa madarasa ya chini, mkulima, mfanyakazi wa shamba la chai, mtangazaji, mzee wa mila, mtu wa mpakani, mwanaisimu, na viti hivyo vitokane na Belgut, Bureti, Sotik, Chepalungu na kwingineko. Tatu, ile kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ifuatwe, hata kama kamati ya kujitolea hailazimishwi na mtu kuifuata. Nne, nauli na chakula cha mchana vilipwe kabla ya kitu kingine chochote, na mikutano izunguke: mwezi huu Litein, mwezi ujao Longisa, mwingine katika shule ya shamba la chai. Tano, muhula wa uanachama uwe na kikomo, na wanachama wapya wasichaguliwe na wa zamani peke yao. Shule na vyama vya wakulima vipewe haki ya kupendekeza. Sita, kila uamuzi uandikwe pamoja na hoja za waliopinga. Neno lililokataliwa leo laweza kuhitajika kesho, na heri likutwe katika kumbukumbu kuliko kutafutwa makaburini.

Kwa walimu, nina ombi moja. Mwanafunzi wako akikuletea neno la nyumbani kwao ambalo halimo kitabuni, usilifute kwa kalamu nyekundu kabla ya kuuliza linatumiwa na nani, wapi, na kwa maana gani. Liandike katika daftari la pembeni. Mwaka ukiisha utakuwa na orodha ambayo kamati yoyote itaionea wivu.

Na kwa wanafunzi wa vyuo vyetu, wa Kabianga, wa Bomet na wa kwingineko mnaosoma isimu: msingoje kuzeeka ndipo mkaribishwe mezani. Ombeni kujiunga na kamati zilizopo. Mkiulizwa mna sifa gani, semeni mnayoyajua, na msione haya kuleta kinasa sauti chenye sauti ya nyanya zenu wakieleza jinsi kibuyu kinavyosafishwa. Mkikataliwa, ombeni sharti lililowakataa lisomwe kwa sauti mkutanoni, wote wakisikia. Masharti mengi mabaya hudumu kwa sababu hayajapata kusomwa mbele ya wale yanaowazuia.